Chungu Chini ya Mkwaju

Shangazi yetu anakaanga na kuuza samaki Kunduchi, na kwa miaka mingi nyumbani kwetu Chamazi mtu aliyekula samaki wake nilikuwa mimi peke yangu. Kila Idi alituma. Walikuja ndani ya kikapu kidogo cha ukili, wamefungwa kwenye gazeti lililolowa mafuta, wakavuka jiji zima mikononi mwa mtu yeyote wa Kunduchi aliyekuwa na safari ya Mbagala. Changu, kolekole, mara nyingine pono. Mdogo wangu wa kiume akikiona kile kikapu alitoka uani. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliniangalia mimi kwanza, akamwangalia kaka yake, kisha akasema ameshiba.

Hakuna aliyelitamka neno lenyewe mezani. Lakini wote tulilijua. Watu walisema Shangazi ndiye aliyewamaliza wazazi wetu.

Lilianza na mti. Baba aliponunua kiwanja Chamazi, eneo lile lilikuwa shamba la mikorosho, na katikati ya kiwanja chetu ulisimama mkwaju mmoja mkubwa. Alimchukua dada yake akauone. Shangazi aliuzunguka ule mti, akamwambia asiukate hivihivi, atambike kwanza, hata kwa unga na maji tu, awaage waliokuwepo hapo kabla yake, awaombe ruhusa. Baba alikuwa mtu wa msikitini. Alicheka, akamwambia, "Dada, mie nina Mungu, sina wa kumuaga." Wiki hiyohiyo akaukata. Kisiki kikabaki, akakichoma moto kisichipue, ndipo akachimba msingi wa nyumba.

Miaka ikapita salama, tukakua pale. Kisha mama aliugua akafariki, na mwaka haukuisha baba akamfuata. Siku ya msiba wa baba, Shangazi alikaa juu ya kile kisiki, kanga imefunika kichwa, akalia akisema, "Nilimwambia. Nilimwambia asikate." Mwanamke amefiwa na mdogo wake, analia. Lakini watu walisikia maneno, hawakusikia kilio. Kufika arobaini maneno yale yalikuwa yameshageuka. Mara ameonekana ameinama penye kisiki. Mara amezika kitu. Na macho yake ni mekundu, kwa moshi wa kukaangia samaki tangu usichana wake, na kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji ushahidi mwingine.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikajifunza kushona kwa mama mmoja wa Mbagala, na hadi leo nashona sare za shule na mapazia barazani kwetu. Wadogo zangu wamekulia pembeni ya cherehani. Samaki wa Shangazi niliendelea kula kwa sababu mbili. Kwanza, walikuwa samaki wazuri. Pili, baada ya watu wa msiba kuondoka na masufuria yao, yeye ndiye aliyebaki kutufulia nguo, akazianika, akazikunja, akatuwekea kila mtu zake juu ya kitanda chake. Mtu anayekutakia mabaya hakunji nguo zako namna ile.

Lakini sikuwa na la kuwajibu watu. "Sidhani" si jibu. Nikanyamaza, na Shangazi naye akaacha kuja.

Basi mdogo wangu wa kiume akapata mchumba. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, na binti ni wa Mbagala, wa familia ya watu wa pwani kama sisi. Wazee wa binti walitupokea vizuri, wakauliza jambo moja tu: baba hayupo, Mungu amrehemu, je, shangazi yupo? Maana kwetu baba akiwa hayupo, shangazi ndiye anayekwenda na posa. Ndiye baba wa kike.

"Hayupo," mdogo wangu akajibu.

"Yupo," nikasema. "Yuko Kunduchi."

Njiani kurudi hakunisemesha mpaka tulipofika getini. "Sista, harusi yangu hakanyagi yule."

"Tutaongea."

"Hakuna cha kuongea."

Lakini harusi ina wageni, na wageni wanahitaji choo. Cha zamani kilikuwa kimejaa. Sehemu pekee iliyobaki ya kuchimba shimo jipya ilikuwa ubavuni mwa kisiki cha mkwaju, na huko ndiko alikoanza fundi wa mashimo, jioni moja ambayo uwanja wa mpira wa hapa Chamazi ulikuwa na mechi. Mechi zikiwepo tunasikia kelele hadi nyumbani. Nilikuwa nakunja pindo la sketi pale nilipomwona fundi anatoka shimoni, anafuta mikono kwenye suruali, anakusanya vyombo vyake.

"Dada, mie nimemaliza."

"Umemaliza wapi, hata shingo haijazama?"

"Nimemaliza mie. Shimo bado. Huko chini kuna mtu kafunika kitu."

Niliinama nikatazama. Upande wa kisiki, ndani ya ukuta wa shimo, palikuwa na chungu kimelazwa kifudifudi juu ya chungu kingine, kama mtu anavyofunikia wali. Jembe lilikuwa limevunja ubavu. Ndani nikaona majivu, vipande vya makaa, mawe madogo meupe, na vitu vidogo vya duara vilivyotobolewa katikati. Shanga.

Mdogo wangu alikuja mbio. Alipoona, uso wake ulipoa, kama mtu aliyeletewa hukumu aliyokuwa akiingojea.

"Si mnaona?" alisema taratibu. "Si mnaona sasa?"

Jirani yetu, mama mtu mzima mwenye kibanda cha mkaa, alikuwa ameshasimama juu ya ndoo upande wake wa uzio. "Mie sisemi kitu," akasema. "Lakini nilisemaga."

Uwanjani walifunga bao. Kelele zikatujia kama mvua juu ya bati. Mdogo wangu alitoa simu akapiga picha, moja ya chungu, moja ya shanga, na akafungua kundi la ukoo. Kundi lile lina watu wetu wote, wa Kunduchi, wa Temeke, mpaka wa Bagamoyo, wakiwemo vijana wenye damu moto wasiopata kazi ya kufanya mchana kutwa. Nilijua picha ile ikiingia pale, kabla ya Isha kutakuwa na watu mlangoni kwa Shangazi. Na yule ni mama mzee anayeishi peke yake na jiko lake.

"Unafanya nini?"

"Namuuliza mbele ya ukoo. Shangazi, hiki unakijua?"

"Usitume."

"Sista, mie mtu mzima, naoa."

"Anayeoa hamwiti shangazi yake mchawi kwa simu. Ukitaka kumwita, twende Kunduchi umwite usoni. Na mie nitasimama upande wake."

"Hata sasa? Na hiki hapa?"

"Hata sasa."

Sikuwa na hakika, nasema kweli. Lakini nilikuwa nimewalea wale watoto kwa kanuni moja, kwamba nikisema nimesema, na sikuona sababu ya kuivunja siku ile. Tukaangaliana. Yeye ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima.

"Mngoje mdogo wako," nikamwambia. "Aone kwanza."

"Nani, yule wa digrii ya mashimo?"

"Leo shimo tunalo."

Jirani alicheka kule kwenye ndoo yake, na kicheko kile kilisaidia. Mdogo wangu aliweka simu mfukoni. Hakufuta picha, ila hakutuma.

Ni kweli, mdogo wetu wa mwisho anasoma akiolojia. Alipochaguliwa tulikaa wiki nzima tukijaribu kuwaeleza watu ni kitu gani, mwisho tukaacha, tukawa tunasema anasomea mambo ya kale. Kaka yake alimtania kwamba kuna vijana Chamazi wanachimba mashimo bila kwenda chuo. Nilimpigia simu usiku huohuo. Akaniuliza kama tumegusa. Nikasema fundi amevunja ubavu. Akasema, "Dada, funika na turubai, mtu yeyote asishuke. Nakuja na mwalimu wangu." Kuzuia watu wasishuke haikuwa kazi. Hakuna aliyethubutu.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, amevaa kofia ya ukindu na viatu vya shamba. Wadogo zangu walimpa shikamoo, akaitika, akaomba maji ya kunywa, kisha akalala kifudifudi pembeni ya shimo, mama wa watu na heshima zake, akawa anatazama tu. Mdogo wangu wa kike alishuka na mwiko mdogo wa kujengea na brashi ya rangi, na wakaanza kuondoa udongo kidogokidogo, mwalimu akielekeza kwa kidole. Ilichukua asubuhi nzima. Mdogo wangu wa kiume alikuwa hakwenda kazini. Alisimama mbali, mikono kifuani.

Walipousafisha ule ukuta wa shimo, kilionekana kitu ambacho sisi siku ile ya kwanza hatukukiona kwa hofu. Mzizi. Mzizi wa mkwaju, mnene kama paja la mtu, ulikuwa umepita juu ya vyungu vyote viwili, na tawi lake moja limezama ndani kupitia ufa, likatokea upande wa pili. Mzizi umekumbatia chungu kama mkono unavyokumbatia mtoto aliyelala.

"Huu mti ulikatwa lini?" mwalimu aliniuliza.

"Aliukata marehemu baba, kabla hajachimba msingi."

"Na tangu hapo haujachipua?"

"Alikichoma kisiki. Haukuchipua hata jani."

Akanitaka nirudie, nikarudia. Akageuka akamwita mdogo wangu wa kiume. "Baba, njoo ushuke hapa."

Alisema bismillahi kwa sauti ndogo, akashuka.

"Shika hapo. Ni nini hicho?"

"Mzizi."

"Hai au umekufa?"

"Umekufa. Mzee aliukata mti wake."

"Mti ukifa, mzizi unaendelea kunenepa?"

"Hauwezi."

"Haya. Chungu kiko wapi?"

Akapitisha kiganja juu ya mzizi, akakiteremsha mpaka kwenye kigae, akakirudisha juu. "Kiko chini yake. Na ndani yake."

"Kipi kilitangulia?"

"Chungu," akasema.

Mwalimu akamwonyesha na udongo pia. Juu mweusi, chini mwekundu, na ule mwekundu haukuwa na mchanganyiko wala alama ya shimo lililofukiwa siku za karibuni. Mtu akichimba na kufukia, alisema, ardhi inasahau kujipanga. Hapa ilikuwa imejipanga. Kisha mdogo wetu wa kike akauliza, "Braza, Shangazi alikanyaga hapa lini, mara ya kwanza?"

"Baba alipomleta kuuona mkwaju."

"Umekatwa?"

"Umesimama."

Mdogo wangu wa kiume alipanda juu, magoti yana udongo mwekundu, akaenda kukaa juu ya kisiki, palepale Shangazi alipokaa siku ya msiba. Nami nikaingia ndani kana kwamba nafuata chai, nikaegemea mlango wa jikoni. Kuna mizigo huijui uzito wake mpaka itoke begani. Nilicheka peke yangu mle jikoni, nikafuta macho kwa upindo wa kanga, ndipo nikakumbuka kweli kuwasha jiko.

Niliporudi na chai, jirani alikuwa ameshaacha ndoo, amezunguka getini, yuko katikati ya mazungumzo. Mwalimu alikuwa anamwonyesha kigae cha ukingo wa chungu, kina mistari ya kuchorwa iliyopangana vizuri. Alisema kwa mapambo yale anakisia kilifinyangwa kabla hata Uislamu haujafika pwani hii, ila makaa yatapelekwa kupimwa, na hatapenda kusema zaidi kabla ya hapo. Zile shanga ni magamba ya konokono yaliyochongwa moja moja. Kipande kizito kilichokuwa chini kabisa ni mavi ya chuma, mabaki ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe.

"Kwa hiyo wachawi walikuwepo tangu zamani," jirani akasema.

"Mama, si uchawi," mdogo wangu wa kike akamjibu. "Ni ibada."

"Ibada ya nani?"

Mwalimu akacheka. "Hapo umenishika. Sisi wachimbaji tukikuta kitu tusichojua kazi yake, tunasema cha ibada."

"Na sie tunasema cha uchawi. Sasa tofauti nini?"

"Tofauti, mama, ni kwamba sisi baada ya hapo hatuendi kumtafuta mtu wa kumkamata."

Jirani alichukua kikombe chake cha chai, akakitazama sana, hakusema tena kwamba alisemaga.

Nilimwuliza mwalimu anajuaje basi kwamba si takataka za jikoni tu. Alinijibu jambo ninalolikumbuka kila nikikaa kwenye cherehani. Alisema hajui waliomba nini, wala walimwomba nani. Labda walikuwa wanajenga nyumba ya kwanza hapa. Labda walizaa, au walifiwa, au chuma kilitoka vizuri. Watu wale hawakuacha andiko. "Lakini takataka hutupwa," alisema, "na hiki hakikutupwa. Tazama, chungu kizima kimefunikwa kwa kizima, mawe meupe matupu, hakuna jeusi hata moja. Hiki kimewekwa." Nikamwelewa mara moja. Nguo iliyoanguka na nguo iliyokunjwa, huhitaji kuambiwa ipi ni ipi.

Walivichukua vyungu kwa utaratibu wao, na kuwaarifu wanaohusika na mambo ya kale, na sisi tukaambiwa tutafute kwingine pa kuweka choo.

Jumapili yake mdogo wangu wa kiume alinijia barazani amevaa kanzu. "Sista, twende Kunduchi."

Tulimkuta Shangazi kwenye jiko lake, karibu na wanaposhushia samaki, karai kubwa la mafuta mbele yake na kanga kiunoni. Amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Mdogo wangu alisimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Aligeuza samaki. "Huyu mrefu ni nani? Mbona namwona kama marehemu mdogo wangu, ila huyu ana haya."

"Ni mie, Shangazi."

"Najua ni wewe. Mna njaa au mna maneno?"

"Tuna maneno."

"Semeni. Mafuta hayangojei."

Akajaribu kueleza. Alianza na choo, akarudi kwenye harusi, akaruka kwenye mzizi, mpaka nikamwonea huruma. Mwisho alitoa simu akamwonyesha picha. Shangazi alifuta mikono, akaishika ile simu mbali na macho yake, akatazama muda mrefu.

"Chungu hiki kilikuwepo kabla ya mkwaju," mdogo wangu akasema. "Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo sikukizika mie."

"Hukukizika, Shangazi."

"Ahsante kwa taarifa," akasema, akamrudishia simu.

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Wanawake wa majiko ya jirani walikuwa wamepunguza sauti zao. Shangazi aliinama kuchochea kuni, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu zaidi, na safari hii sidhani ulikuwa moshi.

"Mnadhani sikuwa najua? Kunduchi mbali, lakini maneno hayapandi gari. Yalifika siku ileile. Nikasema niache kwenda, nisiwatie watoto aibu. Samaki nikawa natuma. Nikasema, siku mtu akila, nitajua."

"Mie nilikula, Shangazi," nikasema.

"Wewe najua. Kikapu kilikuwa kinarudi kimeoshwa." Kisha akamgeukia yule mwingine. "Nipe tena hiyo picha." Akaitazama upya, sasa amekunja uso kwa udadisi. "Na hao waliokizika, walikuwa watu gani?"

"Hawajulikani. Mwalimu anasema labda walikuwa wanajenga nyumba, wakaweka hicho kwanza."

"Aa. Basi walikuwa na adabu kuliko baba yenu." Akacheka, kicheko kifupi cha puani, kilekile alichokuwa nacho baba. "Nilimwambia. Lakini sikusema kwa ubaya, mwanangu. Nilisema tu kwamba ukifika mahali, uage."

"Tumekuja kuaga, Shangazi," mdogo wangu akasema. "Naoa. Wanakutaka uende na posa."

"Wao ndio wanaonitaka?"

"Na mie."

Shangazi aliopoa changu mmoja aliyeiva vizuri, akamchuja mafuta ukingoni mwa karai, akamlaza juu ya gazeti, akalisogeza lile gazeti mbele ya mdogo wangu. Halafu akashughulika na kuni zake, kama hana habari naye, ingawa alikuwa ameshikilia kijiti cha kuchochea moto bila kukitumia.

Mdogo wangu alichuchumaa, na kanzu yake nyeupe. Alivunja kipande cha mgongoni, akala. Akavunja kingine. Kisha akainua kichwa, midomo inang'aa mafuta.

"Shangazi, limau huna?"

"Liko nyuma yako," akasema. "Na usimmalize, dada yako hajala."